Kununua nyumba Malindi: kuanzia karatasi ya mauziano hadi hati yenye jina lako

Mtu akikwambia ana nyumba anauza Malindi, pwani ya Kenya, usianze na bei. Muulize: unauza nyumba na kiwanja chake, au nyumba peke yake?

Wanunuzi kutoka bara hulishangaa swali hili. Huku pwani nyumba na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili: kuta, milango na paa ni za huyu, na pale chini ni pa mwengine anayelipwa kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi huuzwa, na si wizi. Ila bei yake ni ya chini, na hutapata hati miliki ya ardhi hata ukae miaka arubaini. Mimi nilipokuwa natafuta, mzee mmoja alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, ina dole gumba la wino wa buluu na muhuri wa chifu. "Mwanangu, hati yenyewe ndiyo hii." Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa ya mauziano ya kuta. Mzee hakunidanganya, maana kwake yeye hiyo ndiyo hati. Dalali aliyenipeleka ndiye aliyeitaja bei ya nyumba na kiwanja.

Basi haya yafuatayo ni ya anayenunua nyumba na kiwanja.

Omba nakala ya hati, kisha ufanye sachi, yaani uulize sajili ya ardhi imeandika nini juu ya kiwanja hicho. Tazama namba kwanza: hati zinazoanza na CR ni za sajili ya Mombasa, na zile zilizoandikwa kwa mtindo wa Kilifi/jina la eneo/namba ni za sajili ya Kilifi. Maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa namba ya hati, au wakili atakufanyia. Jibu litakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama ni ya milele au ya kukodi kwa miaka. Watu wengi wakiona jina limelingana na kitambulisho hufurahi wakaishia hapo. Wewe shuka mpaka sehemu ya vizuizi, ndipo penye rehani ya benki, zuio lililowekwa na ndugu, au amri ya mahakama.

Jina likiwa la marehemu, simama. Mtoto mmoja kati ya watano hawezi kukuuzia nyumba ya baba yao, hata kama ndiye aliyeishi humo na kuipaka chokaa kila Idi. Mirathi iishe kwanza, kwa Waislamu mara nyingi kwa Kadhi, na warithi wote wajulikane. Na ukisikia neno wakfu, rudi nyumbani: mali ya wakfu haiuzwi.

Sachi ikiwa safi, chukua sarveya akuonyeshe bikoni, alama za mipaka ya kiwanja. Halafu nenda peke yako baada ya alasiri, dalali asijue, ukae barazani kwa jirani. Utajua ya mpaka, ya maji ya mvua, na ya yule shemeji anayedai chumba cha uani.

Mkataba uandikwe na wakili wako, si wakili mmoja wa nyote wawili. Amana kwa kawaida ni asilimia 10 na muda wa kukamilisha siku 90. Pesa zipitie akaunti ya wakili. Dalali usimpe hata za "kushikilia". Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi, ndivyo inavyosema sheria ya mali ya ndoa ya 2013.

Muuzaji ndiye wa kuleta cheti cha kaunti cha kutodaiwa reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti. Ardhi ikiwa ya kukodi, alete pia cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya serikali na kibali cha kuhamisha umiliki. Ikiwa ni ya kilimo, muende bodi ya udhibiti wa ardhi, na muombe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali cha bodi mauziano ni batili. Asiye raia, na Waitaliano hapa ni wengi, hapati umiliki wa milele: Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi kwa miaka isiyozidi 99.

Kisha mthamini wa serikali hukadiria thamani, nawe unalipa ushuru wa stempu kupitia KRA, mamlaka ya mapato. Mjini ni asilimia 4, mashambani 2. Nyumba ya mjini iliyothaminiwa milioni tatu ni shilingi 120,000, mbali na ada ya wakili, kwa hiyo usimalize akiba yote kwenye bei. Kodi ya faida ya kuuza mali, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Akitaka uibebe wewe, punguzeni bei.

Fomu ya kuhamisha ikisajiliwa, fanya sachi ya pili. Jina lako likitoka, ndipo wakili aachilie salio. Siku hiyo hiyo piga picha mita za maji na stima mbele ya muuzaji, kisha ukabadilishe jina la reti kaunti. Mimi nilichelewa wiki tatu, nikaletewa bili ya maji ya mpangaji aliyehama kabla sijaiona hiyo nyumba.