Mabaki ya vitenge kwa blanketi la viraka: namna ya kuchambua na kukata

Mwachie fundi wa nguo wa Birere, mjini Goma, gunia tupu mwanzo wa juma, ulirudie Jumamosi. Utakuta limechanganyika kila kitu: vikwembe (yaani vitenge), tergali (kitambaa cha poliesta) ya sare za shule, bitana, jinzi, hata mikono ya tisheti. Blanketi la viraka likipinda au kukunjamana baada ya kufuliwa, kosa mara nyingi lilifanyika kabla uzi haujaingia kwenye sindano, wakati wa kuchambua gunia hilo.

Vipimo vya hapa ni vya blanketi la mtoto, sentimita 100 kwa 120: safu 12 za viraka 10, jumla viraka 120 vya sentimita 10 kila upande vikishashonwa. Kilo moja ya vitambaa vyepesi vilivyokwisha kuchaguliwa inatosha na kubakiza.

Hatua ya 1. Kung'uta

Mwaga gunia nje, ukung'ute kipande kimoja kimoja. Vumbi la Goma ni la mawe ya volkano, lina chembe ngumu. Likibaki kwenye kitambaa linafanya mkasi kuwa butu, kisha linaingia chini ya meno ya masini yanayosukuma nguo. Toa pini, vifungo na zipu hapo hapo.

Hatua ya 2. Kuchambua kwa aina

Wengi huanza kupanga kwa rangi kwa sababu inapendeza macho. Acha rangi kwanza, anza na aina ya kitambaa. Pamba hupungua ikifuliwa, tergali hukaa vilevile. Ukiziunganisha, blanketi litajaa mikunjo ambayo pasi haiwezi kuondoa. Na moto unaofaa pamba unaweza kuyeyusha tergali.

Usipokuwa na uhakika, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo juu ya beseni lenye maji, uziwashe. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Tergali inajikunja, inayeyuka, na kuacha punje nyeusi ngumu. Ukiona majivu pamoja na punje, huo ni mchanganyiko. Uweke upande wa tergali.

Sasa una mafungu manne: pamba nyepesi, tergali, vizito kama jinzi, na vinavyovutika. Blanketi hili linatumia fungu la kwanza peke yake. Jinzi itafaa mkeka wa sakafuni, na tisheti ni za kujazia mito.

Ndani ya fungu la pamba, geuza kila kitenge. Waksi ina rangi pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia. Vyote vinafaa, ila cha upande mmoja kitie alama ya chaki mgongoni mapema, kwa maana kikishakatwa kidogo ni rahisi kukishona kinyume.

Hatua ya 3. Kufua

Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani na bado hakijapungua, kwa hiyo lazima kipite majini kabla ya kukatwa. Maji yanaponunuliwa kwa bidoni, anza na rangi za mwanga, kisha tumia maji hayohayo kwa za giza. Kata ncha ndogo ya kila pembe ili nyuzi zisichomoke sana, halafu tia vipande kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu. Loweka na ukamue kwa upole, usisugue. Vilivyo chini ya sentimita 10 vilowekwe tu.

Nyekundu na buluu iliyokolea zipime kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua, na kikishika rangi, rudia kuosha hadi kisishike. Chumvi na siki, ambavyo watu huvisifu sana, havizuii rangi iliyokwisha kuchapwa kuchuja. Kipande kisichoacha kuchuja kiondoe, hata kiwe kizuri namna gani. Kimoja tu kitachafua blanketi zima.

Hatua ya 4. Pasi

Piga pasi vikiwa na unyevu kidogo. Kwa pasi ya makala (makaa), puliza majivu nje kwanza na ujaribu kwenye tambara. Bonyeza, inua, bonyeza tena. Ukiburuta, kipande kidogo kinavutika kimshazari na hakirudi umbo lake.

Hatua ya 5. Vipimo vinavyopatana

Hapa ndipo mabaki ya kila ukubwa yanapata kazi. Nafasi ya mshono ni sentimita 0.75 kila upande, kwa hiyo kila kiraka kinaongezewa 1.5. Kata viraka vya mraba vya saizi tatu tu: sentimita 6.5, 11.5 na 21.5. Viraka vinne vya 6.5 vikishonwa vinatoa kimoja cha 11.5, vinne vya 11.5 vinatoa kimoja cha 21.5. Kipande kidogo hakitupwi, na kila kitu kinaingia mahali pake.

Tengeneza kiolezo kwa plastiki bapa, kama kifuniko cha ndoo au filamu ya zamani ya radiografia. Karatoni huliwa pembe baada ya kuchorwa mara chache, na viraka vya mwisho havilingani na vya kwanza. Gundisha msasa mgongoni ili kisiteleze. Chora kwa chaki au kipande cha sabuni kikavu. Biki usiiguse: wino wake huvuja ukifuliwa.

Hatua ya 6. Kukata

Kwanza ondoa ukingo wa kiwandani, ule wenye maandishi. Umefumwa kwa kubana na hupungua tofauti na kitambaa chenyewe.

Kisha tafuta mwelekeo wa nyuzi. Kwenye kipande kikubwa kata sentimita 1 pembeni na urarue kwa mkono: pamba hupasuka kufuata uzi wake. Punguza nusu sentimita ya ukingo ulioraruka, umevutika. Kwenye kidogo, chomoa uzi mmoja ufuate mstari wake. Kiolezo kikae sambamba na mstari huo. Anza na 21.5, shuka hadi 6.5. Usikate zaidi ya tabaka mbili kwa mkasi. Za chini huteleza.

Baada ya viraka vinne vya kwanza vya 6.5, simama. Vishone, vipige pasi, upime. Ukipata 11.5, endelea. Ukipata 11.3, pima kiraka ambacho hakijashonwa: kikiwa sawa, mshono wako ni mpana mno, kikiwa kidogo, kiolezo ndicho kibaya. Milimita 2 zikikosekana katika kila kiraka, safu ya viraka 10 inakuwa fupi kwa sentimita 2, na haitakubali kukaa na safu jirani.

Hatua ya 7. Mwanga na giza

Sasa ndiyo zamu ya rangi. Vitenge vyote vinapiga kelele, hivyo vigawe kwa mwanga na giza. Finya macho, au vipige picha ya simu bila rangi. Tofauti itaonekana mara moja. Pamba ya rangi moja, hasa nyeupe au buluu, hupumzisha jicho kati ya maua makubwa.

Funga viraka kumi kumi kwa uzi uliopitishwa katikati, fundo upande mmoja tu, ili uchomoe kimoja bila kufungua vyote. Vihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Plastiki hutoa jasho wakati wa mvua na kuleta ukungu. Masalio yaliyo chini ya sentimita 6.5 yachanganye na tisheti za kujazia mito, au yasokote uwe na ngata ya kubebea bidoni.