Namna ya kutunga maswali ya chemsha bongo yasiyozua ubishi

Hivi karibuni nilimsaidia mwenzangu kutunga maswali 40 ya chemsha bongo, yakiwa mchanganyiko wa historia, michezo, sheria na mafumbo ya maneno. Maarifa alikuwa nayo tele. Kilichompungukia ni namna ya kulifunga swali lisiwe na jibu la pili. Nimeziandika hapa hatua tulizozifuata.

Hatua ya 1: Anza na jibu

Chagua kwanza jibu unalotaka lipatikane, kisha ulitafutie swali. Mimi hutumia kadi za karatasi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, kwa sababu kadi hulazimisha ufupi na huweza kupangwa upya mezani bila taabu.

Hatua ya 2: Pima kitenzi

Ukiuliza ni mfalme gani wa Uingereza aliyetia sahihi Magna Carta mwaka 1215, umekwisha kukosea, kwa kuwa Mfalme John hakutia sahihi, bali hati ile ilipigwa muhuri wake. Andika «aliyeridhia» na swali litasimama.

Hatua ya 3: Tafuta jibu la pili kabla washindani hawajalitafuta

Hatua hii iliwahi kunigharimu saa nzima mbele ya ukumbi uliojaa watu. Niliuliza: «Nani alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki?» Kwenye kadi yangu palikuwa na jina la Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na kundi la kwanza lilipojibu hivyo nikalipa alama. Kundi la pili likapinga, likisema kwamba Wamisri wawili, Sayed Nosseir katika kunyanyua vitu vizito na Ibrahim Moustafa katika mieleka, walishinda dhahabu Amsterdam mwaka 1928. Sijapata la kusema, mwingine akamtaja Boughera El Ouafi, mzaliwa wa Algeria, aliyeshinda marathoni katika michezo hiyohiyo ya 1928, ila kwa bendera ya Ufaransa. Hatimaye mzee mmoja aliyeketi nyuma akamtaja Reggie Walker wa Afrika Kusini, bingwa wa mita 100 mwaka 1908 mjini London.

Wote walikuwa na hoja. Kosa lilikuwa langu, kwani sikueleza kama «Mwafrika» ni suala la bendera, mahali pa kuzaliwa au asili. Swali lile sasa linasomeka hivi: «Ni mwanariadha gani wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku?»

Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na «wa kwanza», «pekee» au «kuliko wote» katika kadi, huiweka kando hadi niichunguze. Unapochunguza mtandaoni, usiandike jibu lako kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa maana ukilitafuta utalipata hata kama si sahihi. Andika swali peke yake, kisha utazame majina mangapi yanajitokeza. Ukiikuta sentensi ileile, neno kwa neno, katika kurasa tano, ihesabu kuwa chanzo kimoja. Angalia pia kama jina la mashindano limetajwa kikamilifu: jezi ya Uruguay ina nyota nne, ilhali Kombe la Dunia imelitwaa mara mbili, mwaka 1930 na 1950, na nyota nyingine mbili ni za Olimpiki za 1924 na 1928. Anayeuliza juu ya «ubingwa wa dunia» bila kufafanua amejitafutia mzozo. Rekodi zinazoweza kuvunjwa nazo ziambatane na maneno «hadi mwaka fulani».

Hatua ya 4: Sheria itajwe pamoja na chombo chake

Swali la sheria lisilotaja nchi au mahakama si swali. «Mahakama ya The Hague ina majaji wangapi?» lina majibu mawili sahihi: Mahakama ya Kimataifa ya Haki ina 15, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ina 18.

Hatua ya 5: Mafumbo ya maneno

Hili ndilo eneo ninalolipenda zaidi, na ninashauri kwa dhati usitafsiri mafumbo ya lugha nyingine, maana Kiswahili kina hazina yake. Mwenzangu aliandika: «Taja neno la herufi tano linalosomeka vilevile kutoka mwisho», akiwa na «utatu» peke yake. Tulipokaa nalo kidogo tukapata pia «ububu», «upupu» na «uzuzu». Tukaongeza kidokezo, «nalo ni mmea unaowasha», na jibu likabaki moja. Neno lenye maana nyingi hufaa vilevile: lipi ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, tena ni kitendo cha kwenda juu? Ni «paa». Lililo bora machoni pangu ni hili: kazi gani ya shambani ambayo silabi zake zikigeuzwa huleta utajiri? Lima, mali.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti

Mpe mtu asiyeyajua majibu akusikilize ukisoma kadi zote. Swali atakaloomba urudie mara mbili, lifupishe. Katika yale 40 tulifupisha sita, na mawili tukayatupa kabisa.