Mkate mtamu wa siagi ya karanga, bila hamira bila mayai (oveni au jiko la mkaa)

Haya wapishi wenzangu wa Tanga na kwingineko, leo naleta mkate wa siagi ya karanga. Huu hauumuliwi, hamna hamira hamna kusubiri, unakoroga unatia jikoni. Asili yake Marekani na Kanada, ulipikwa sana miaka ya 1930 uchumi ulipoporomoka na watu mayai na siagi wanavipata kwa shida, kwahiyo siagi ya karanga ndo inabeba mafuta yote. Ndo maana nasisitiza msiongeze mafuta wala Blue Band, utatoka mzito.

Andaa unga wa ngano vikombe 2 (kikombe cha ml 250, chota kwa kijiko ujaze kikombe bila kushindilia), sukari nusu kikombe, beking pauda vijiko 4 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi ya karanga nusu kikombe, maziwa kikombe kimoja na robo, mengine weka pembeni kidogo. Mimi natia na hiliki ya kusaga, mkate mtamu wa pwani bila hiliki naona umepungua kitu.

Kwanza kabisa pima beking pauda yako. Huku kwetu joto na unyevu wa bahari vinaiharibu haraka hasa zile za kupimiwa kwenye vifuko, tia nusu kijiko kwenye maji ya moto, ikichemka povu kwa fujo ni nzima, ikizubaa usiipikie.

Pili, washa oveni nyuzi 160 au anza kuwasha mkaa, maana rojo likishachanganywa halitakiwi kukaa. Paka chombo mafuta kidogo, nyunyiza unga.

Tatu, siagi ya karanga ikoroge kwanza kwenye kopo lake mpaka yale mafuta yaliyoelea juu yarudi chini. Itie kwenye bakuli, mimina maziwa ya vuguvugu (yasiwe moto) kidogo kidogo huku unasugua na mwiko. Mwanzoni inakaza na kung'ang'ania mwiko utadhani imeharibika, endelea tu, ghafla inaachia inakuwa laini rangi ya chai ya maziwa. Hapa usiwe na haraka maana ukiacha mabonge utayakuta kwenye kipande.

Nne, chekecha unga na beking pauda, tia sukari, chumvi na hiliki, fanya shimo katikati umimine ule mchanganyiko wa karanga. Geuza na mwiko mpaka usione unga mkavu, basi, ACHA. Ukikoroga sana kama unapiga keki ngano inavutika na mkate unakuwa mgumu. Rojo liwe zito la kudondoka kwa mabonge, likikataa kabisa ongeza yale maziwa ya pembeni.

Tano, oveni inachukua kama saa nzima kwa tini ndefu ya mkate. Kwa mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, funika ipate moto, kisha weka kisufuria chako chenye rojo juu ya mchanga. Moto wa chini uwe mdogo sana, mkaa mwingi palia juu ya mfuniko, kwasababu chini ndo kunaungua kabla ya katikati kuiva, sukari na karanga vinashika rangi upesi. Kisufuria cha duara kinawahi, anza kuchungulia dakika ya 40 kwa kijiti, kikitoka kikavu epua. Kabla ya hapo usifunue, utashuka katikati.

Uache upoe ndo ukate. Najua harufu inasumbua ila ukiukata wa moto unameguka wote.

MASWALI YENU

*Dada sina beking pauda, magadi soda yanafaa?*
Yanafaa ukibadilisha maziwa uweke mtindi, robo tatu ya kijiko cha chai inatosha. Na maziwa ya kawaida usijaribu, magadi yanataka uchachu, bila hivyo mkate unanuka sabuni.

*Naweza kusaga karanga mwenyewe? Hizi za kopo bei jamani.*
Vizuri sana shoga, kaanga, menya, saga mpaka zitoe mafuta. Zangu nanunua soko la Mgandini na nazichambua moja moja, yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu natupa, ile sumukuvu haifi kwa kuoka. Hili naomba mlizingatie hasa wenye watoto.

*Nimetumia siagi ya karanga ya dukani yenye sukari, umezidi utamu.*
Punguza sukari iwe robo kikombe mdogo wangu. Na kama ina chumvi, yako ipunguze pia.

*Wangu umepasuka juu katikati, nimekosea wapi?*
Hujakosea, mikate ya beking pauda ndivyo ilivyo, juu kunakauka kabla ndani hakujamaliza kupanda.

*Shikamoo bi mkubwa, nataka niuze vipande shuleni kwa watoto.*
Marahaba mwanangu. Shuleni ongea na walimu kwanza, kuna watoto karanga zinawadhuru vibaya, kipande kidogo tu koo linavimba. Na andika wazi kwenye kifungashio kwamba kuna karanga, usisubiri mtu aulize.