Kabla hujachagua mji wa kuishi Ayalandi, soma hesabu zake

Mwaka 2022 Tanzania na Ayalandi zote zilihesabu watu. Ayalandi ilihesabu usiku wa tarehe 3 Aprili, Tanzania ikaanza tarehe 23 Agosti. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikutwa na watu 5,383,728. Jamhuri nzima ya Ayalandi, kutoka Donegal hadi Cork, ilikuwa na watu 5,149,139.

Ninaanza na hesabu hizi kwa sababu nimeshapigiwa simu nyingi na ndugu waliopata barua ya kazi huku, wengi wao wauguzi na wahudumu wa wazee, na swali huwa lilelile: "Kaka, huko Letterkenny ni mjini?" Nikijibu kwamba ndio mji mkubwa kuliko yote kaunti ya Donegal, mtu anafurahi. Nikimwambia una watu 22,549, anakaa kimya.

Usikate tamaa. Mji wa watu elfu ishirini na kitu huku una hospitali kubwa, chuo, maduka ya kutosha na barabara safi. Kinachoweza kukusumbua Letterkenny ni kingine kabisa: Donegal nzima haina reli. Kwenda Dublin ni basi, mwendo wa saa nne hivi, na kama huna gari utalijua basi hilo kama unavyomjua jirani yako.

Dublin pamoja na vitongoji vyake ilikuwa na watu 1,263,219. Inayofuata ni Cork, 222,526. Yaani Dublin ni karibu mara sita ya jiji la pili, na pengo hilo ndilo linaloeleza kodi za nyumba, foleni, na kwa nini kila mgeni anavutwa upande mmoja. Kisha Limerick 102,287, Galway 85,910 na Waterford 60,079. Hayo ndiyo majiji matano. Kilkenny nayo hujiita jiji, kwa hati ya kifalme ya mwaka 1609, ingawa watu wake ni 27,184 tu, kwa hiyo neno "jiji" lisikudanganye. Baada ya hapo inakuja miji kama Drogheda (44,135), Dundalk (43,112), Swords (40,776), Navan na Bray.

Sasa kuna mtego ambao umewanasa wengi, nami nilinaswa. Ukitafuta Cork utakuta mahali pameandikwa kwamba mwaka 2016 ilikuwa na watu 125,657 na mwaka 2022 ikawa na watu 224,004. Mtu akisoma hivyo anadhani jiji limefumuka, kazi zinamwagika, twendeni Cork. Kilichotokea ni kwamba tarehe 31 Mei 2019 mpaka wa halmashauri ya jiji ulisogezwa nje, ukameza Ballincollig, Douglas, Glanmire na Blarney. Watu walikuwa wanaishi palepale, wamebadilishiwa halmashauri tu. Ukipima jiji na vitongoji vyake, Cork ilitoka 208,669 ikafika 222,526, ongezeko la karibu asilimia 7. Ni ukuaji mzuri, lakini si maajabu.

Dublin ina mtego wa aina hiyohiyo, ila umegeuka. Halmashauri ya Jiji la Dublin ilikuwa na watu 592,713 tu mwaka 2022. Waliobaki wako chini ya halmashauri tatu jirani: Fingal, South Dublin na Dún Laoghaire-Rathdown. Anayekaa Tallaght atakwambia anaishi Dublin, na hakosei, lakini akitaka kuomba nyumba ya halmashauri anapeleka fomu South Dublin. Hapa Drogheda ninapoishi mji umekatwa na mpaka wa kaunti: sehemu kubwa iko Louth, mitaa ya kusini imeingia Meath. Mtaa wangu uko Meath na duka ninalonunua maziwa liko Louth. Kwa hiyo ukiona idadi yoyote ya mji wa Ayalandi, uliza kwanza mpaka gani umetumika. Hata idara ya takwimu yenyewe, CSO, ilichora upya kingo za miji kwa sensa ya 2022, hivyo asilimia za ukuaji kutoka 2016 uzichukue kama makadirio.

Kwa makadirio hayo, jiji lililokua kwa kasi zaidi kati ya yale matano ni Waterford, lililotoka 53,504 hadi 60,079, karibu asilimia 12. Watu wetu hawalitaji sana, na nadhani wanakosea. Lina hospitali kubwa, lina treni ya kwenda Dublin, na kodi yake ni ya chini kuliko ya Dublin kwa tofauti utakayoiona mfukoni kila mwezi.

Nchi hii ina historia ya ajabu ya kupungua. Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu ya viazi, eneo ambalo leo ni Jamhuri lilikuwa na watu zaidi ya milioni 6.5. Njaa ikaua, meli zikachukua waliobaki na nguvu, na vizazi vikaendelea kuondoka mpaka mwaka 1961 wakabaki 2,818,341. Ndiyo maana vijijini utapita nyumba za mawe zisizo na paa, zimeota miti ndani. Lakini kati ya 2016 na 2022 waliongezeka watu 387,274, na kufikia Aprili 2024 makadirio yalikuwa milioni 5.38. Ujenzi wa nyumba ulikuwa umeanguka vibaya baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, na haujawahi kuwafikia watu wanaoongezeka. Unapoona watu ishirini wamesimama kwenye mvua wakisubiri kuonyeshwa chumba kimoja, hilo ndilo chimbuko lake.

Kwa mtu mwenye watoto, kasi ya mji kukua ni muhimu kuliko ukubwa wake, na somo la hilo ni Balbriggan, kaskazini mwa Dublin. Mwaka 2002 ulikuwa mji wa watu kama 10,000 hivi. Zikajengwa nyumba mpya kwa maelfu, familia nyingi za Kiafrika zikahamia kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, na miaka minne tu baadaye mji ulishapita 15,000. Nyumba zilikuja, shule hazikuja. Shule nyingi zilikuwa za Kikatoliki, na zilipojaa zilitanguliza watoto wenye cheti cha ubatizo. Septemba 2007 ikabidi ifunguliwe shule ya dharura, na karibu watoto wote walioingia walikuwa weusi. Picha za watoto hao zilizunguka dunia na ziliniuma. Sheria ya mwaka 2018 iliondoa kigezo cha ubatizo kwenye shule za msingi za Kikatoliki, na kufikia sensa ya 2022 Balbriggan ilikuwa na watu 24,322 na shule zaidi. Lakini uhaba wa nafasi bado unajirudia katika miji inayokua haraka. Usilipie nyumba kabla hujapiga simu shuleni na kuuliza kama darasa la mwanao lina nafasi. Piga pia kwa daktari wa familia, kwa kuwa wengi kwenye miji hii hawapokei tena wagonjwa wapya, na bila daktari wa familia utahangaika hata kupata cheti cha ugonjwa cha kumpelekea mwajiri.

Mimi nilianza Dublin, katika chumba kimoja, nikahamia Drogheda mwaka wa pili. Nilipata nyumba yenye bustani ndogo nyuma. Lakini gharama yake ikawa saa za safari ya kila siku. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu jukwaa la stesheni limejaa: wajenzi na mabegi yao, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku wakipishana na wafanyakazi wa benki, kila mtu na kikombe chake, hakuna anayeongea. Treni inavuka daraja refu la mto Boyne ikitoka kaskazini, na ukichelewa utasimama hadi Dublin. Fanya hesabu ya kodi na nauli pamoja, halafu ongeza saa utakazokosa kuwaona watoto.

Kitu kimoja kilinifanya nijione niko nyumbani. Hospitali ya Our Lady of Lourdes iliyopo hapa ilianzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary. Ndio haohao wa hospitali za Makiungu, Singida, na Kitovu, Masaka, kule Uganda. Wazee wetu waliotibiwa Makiungu walitibiwa na mji huu bila kuujua.

Kwa ndugu Waislamu, angalieni hata miji midogo sana. Ballyhaunis, kaunti ya Mayo, ni mji wa watu elfu kadhaa tu, lakini una msikiti uliojengwa mwaka 1987 kwa sababu ya kiwanda cha nyama halali, na katika sensa ya 2016 karibu asilimia 40 ya wakazi wake hawakuwa raia wa Ayalandi.

Kuhusu nyumba, sheria hairuhusu mwenye nyumba kukudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja. Anayetaka miezi mitatu kabla hujaona hata mlango anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na usijumlishe Belfast kwenye orodha yako kwa kuwa iko kisiwa kimoja. Belfast iko Ayalandi ya Kaskazini, ni Uingereza, na kibali chako cha kuishi Jamhuri hakikupi ruhusa ya kwenda huko. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Uingereza, hata kama barabarani hakuna kizuizi na hutaona mpaka.

Barua ya kazi ikifika, mwombe mwajiri Eircode, ule msimbo wa posta ambao kila nyumba huku inao wake. Uweke kwenye ramani, utazame miji iliyo ndani ya mwendo wa nusu saa, kisha usome idadi ya watu wake mwaka 2016 na 2022. Halafu tafuta ratiba ya mabasi ya Jumapili, siku ambayo hupungua sana. Kama zamu yako inaisha saa mbili usiku na basi la mwisho limeondoka saa moja na nusu, mji huo si wako mpaka uwe na gari.