Lefse: viazi vilale kwanza

Ukitaka kupika lefse, ule mkate mwembamba wa viazi wa Norway, usianze na unga. Anza na viazi, tena siku moja kabla. Chemsha kilo 1 ya viazi mbatata, vichuje, viponde vingali vya moto pamoja na siagi na chumvi mpaka lisibaki hata bonge moja. Kisha viweke kwenye friji usiku kucha. Viazi vya moto vina mvuke, na ukivikanda hivyo vitakula unga mwingi mno; lefse itatoka ngumu kama soli.

Kesho yake tia unga wa ngano, kama gramu 250, dakika ileile mnayoanza kusukuma. Kinyunya kikikaa kinanata, kwa hiyo mimi hukanda nusu nusu.

Hapo ndipo familia inapohitajika: mmoja anasukuma, mwingine yuko kwenye chuma cha kupikia, watoto wanafunika zilizoiva. Aliyezoea chapati hatapata shida, ila mafuta ayasahau kabisa. Chuma kiwe kikavu na cha moto kweli. Vikitokea vidoa vya kahawia, geuza. Kwao Norway hutumia kijiti kirefu bapa: unakipitisha chini, katikati, unainua taratibu. Ukishika kwa vidole inachanika.

Zikiiva zipange ndani ya kitambaa safi na kuzifunika vizuri. Mvuke wake wenyewe ndio unaozilainisha. Halafu paka siagi, nyunyiza sukari na mdalasini, kunja, na ya kwanza mpe aliyesukuma.