Hatua za kufuata katika kliniki ndogo ya meno ili jino lililokusudiwa ndilo ling'oke

Nawaandikia wenzangu wenye kliniki ndogo za meno hapa Tanga, zile za kiti kimoja au viwili, ambako daktari ndiye huyohuyo anayepokea, anayepiga picha na anayeng'oa. Usimamizi wa ubora una mambo mengi. Mimi naanza na kung'oa jino lisilohusika, kwa sababu jino la utu uzima halioti tena, na kosa hili linazuilika kwa mazoea tu, bila kununua mashine yoyote.

Hatua ya 1: Wote mtaje meno kwa namna moja

"Gego la chini kulia" haitoshi. Magego huko yanaweza kuwa matatu. Tumieni namba za tarakimu mbili. Ya kwanza inaonyesha robo ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, na kulia siku zote ni kwa mgonjwa. Ya pili ni hesabu kutoka katikati. Jino 46 lisomwe "nne-sita", si "arobaini na sita". Meno ya utoto huanza na 5 hadi 8. Kwa mtoto mwenye meno mchanganyiko (ya utoto na ya utu uzima kwa pamoja) ongezeni maneno "la utoto", maana 55 linapotoka ndipo 15 huota mahali palepale. Bandikeni chati ukutani, msaidizi aione akiwa amesimama penye kiti.

Hatua ya 2: Usilifuate shavu lililoshikwa

Mgonjwa ametoka Pangani kwa daladala, hakulala usiku kucha, anakwambia: "Hili hapa daktari, ling'oe tu." Msikilize, kisha pima. Maumivu ya jino la chini yanaweza kusikika juu, upande uleule. Gonga taratibu kwa mpini wa kioo ukianzia meno mazima, ndipo ufike kwenye linaloshukiwa. Jaribu na baridi.

Hapa kuna mtego mkubwa: mtu aliyeng'olewa 46 zamani. Gego la 47 huegemea mbele na kukaa karibu na pengo, hata ukihesabu harakaharaka utaliita 46. Muulize, "Uliwahi kung'oa upande huu?" Kwenye picha ya filamu, kijinundu kilicho kwenye kona yake kikuelekee wewe, hapo kushoto kwako ndiko kulia kwa mgonjwa.

Hatua ya 3: Andika kabla ya ganzi

Namba ya jino, jina lake kwa maneno, sababu ya kuling'oa, na ridhaa yenye saini (kwa mtoto, mzazi au mlezi). Presha, kisukari, mzio na dawa za kuzuia damu kuganda viulizwe hapohapo.

Hatua ya 4: Simameni kabla ya koleo

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ganzi imeshika, koleo bado liko kwenye trei. Msaidizi anauliza, "Mama, leo tunatoa jino lipi?" Mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Msaidizi anasoma faili kwa sauti: "Nne-sita, gego la kwanza chini kulia." Daktari anaweka kioo katikati ya meno ya mbele na kuhesabu kwa sauti hadi afike. Watatu wasipokubaliana, koleo linabaki kwenye trei na picha inatazamwa upya.

Malezi yetu yanamfanya kijana aone haya kumkatiza mkubwa wake. Kwa hiyo daktari atamke mbele ya wote kwamba "Daktari, subiri" si utovu wa adabu. Na msaidizi akikusimamisha kumbe ulikuwa sahihi, mshukuru vilevile. Ukimkemea mara moja, hatakusimamisha tena.

Hatua ya 5: Kosa likitokea

Jino la utu uzima lililotoka zima, shika taji (sehemu inayoonekana kinywani), usiguse mzizi. Suuza kwa salaini, rudisha papo hapo, lifunge na majirani kwa kifungo kinachonyumbuka kwa wiki 2. Huenda baadaye likahitaji tiba ya mzizi. Kama huifanyi, andika rufaa. La utoto halirudishwi. Mweleze mgonjwa siku hiyohiyo, kwa maneno mepesi, usimfiche, na uandike kwenye faili ulichomwambia.

Hatua ya 6: Daftari la matukio

Andikeni hata yale yaliyokamatwa kwenye hatua ya 4: tarehe, namba ya faili, nini kilitaka kutokea, kiligunduliwa wapi, mmebadilisha nini. Jina la aliyekosea halihitajiki. Daftari lifungiwe kabatini.

Kila mwezi kaeni nusu saa, chomoeni mafaili 10 bila kuchagua, mtazame kama namba, picha na saini vipo. Daftari likipita miezi miwili tupu ilhali kiti hakipoi, muulize msaidizi faraghani kama siku za foleni bado mnasimama kabla ya koleo.