Jinsi ya kutumia maneno ya ikolojia bila kumchanganya msomaji

Kama unaandika ripoti au tasnifu ya ikolojia, kabla hujagusa data chukua karatasi uandike yale maneno unayoyaona ya kawaida kabisa: makazi, jamii (spishi zinazoishi pamoja mahali pamoja), nishi (kwa Kiingereza niche), uthabiti, ustahimilivu, bioanuwai (wingi wa aina za viumbe). Hayo ndo yanaleta shida, maana neno gumu mtu ataenda kulitafuta lakini haya kila mtu anaona anayajua, kumbe kila mmoja ana lake kichwani. Mwaka 1997 wanaikolojia Volker Grimm na Christian Wissel walipekua maandishi kuhusu uthabiti peke yake wakakuta maana 163 za dhana 70!

Sasa kila neno kwenye karatasi yako lipe sentensi moja ya maana, na useme unamfuata mwanaikolojia gani. Mfano nishi: kwa Grinnell (1917) ni hali ya mazingira ambayo kiumbe anaihitaji, kwa Elton (1927) ni nafasi yake kati ya wanaomla na anaowala, halafu Hutchinson (1957) akaifanya kitu cha kupimwa kwa vipimo vingi kwa pamoja. Maana zote tatu zinakubalika, ila huwezi kuanza na ya Elton kwenye utangulizi ukamalizia na ya Grinnell kwenye matokeo.

Halafu, na hapa ndo pa kukaza kweli, unganisha neno na kipimo. Chukua ustahimilivu. Wapo wanaopima mfumo unachukua muda gani kurudi ulivyokuwa baada ya kuvurugwa, na wapo wanaomfuata Holling (1973), wao wanaangalia mfumo unaweza kuvumilia mvurugo mkubwa kiasi gani kabla haujageuka kuwa kitu kingine. Sasa fikiria mbuga ya nyasi inayochipua upesi baada ya kila ukame mdogo, lakini ukame ukizidi kidogo tu inageuka vichaka na hairudi tena. Wa kwanza atasema ni stahimilivu sana, wa pili atasema ni dhaifu, na wote wamepima vizuri tu, ila anayesoma ripoti zote mbili ili aamue namna ya kuitunza hiyo mbuga atakwama. Kwa hiyo ukiandika ustahimilivu sema palepale umepima nini, miaka ya kurudi au ukubwa wa mvurugo.

Makazi, jiulize ya nani, maana msitu uleule ni makazi ya spishi moja na kwa nyingine si kitu. Jamii, taja mipaka, na kama ulihesabu ndege tu basi andika ndege. Bioanuwai, kama ulichonacho ni idadi ya spishi, andika idadi ya spishi.

Ukishachagua usibadilishe. Najua shuleni tulifundishwa kurudiarudia neno kunachosha, lakini kwenye sayansi msomaji akikuta neno jipya anadhani ni kitu kipya, we rudia tu. Ukimaliza tafuta kila neno kwenye kompyuta usome sentensi zote lilipotokea, moja baada ya nyingine.

Na ukisoma kazi za wengine ili ulinganishe, usiamini kichwa cha habari, nenda moja kwa moja kwenye mbinu uone walipima nini, na kama hawakusema iache nje ya jedwali lako.